Sweta ya Mkono Mmoja

Katika soko la Rangwe kuna mtu mmoja tu asiyeweza kutaja bei ya uongo, na Mungu akaona vyema kuniweka karibu naye. Ni Bathsheba Kemuma, mke wa Kerosi muuza ndizi. Kwa miaka mitatu meza yake na cherehani yangu zimekaa baraza moja, mbele ya duka la Kaltum. Katika muda huo amenikasirisha kuliko mke wangu, nami nampenda kama dada yangu wa tumbo moja.

Zamani alifundisha ufumaji katika chuo kidogo cha ufundi huko Kisii, mpaka kikafungwa. Alipomfuata mumewe huku hakutaka kuuza sweta, maana za mitumba zimejaa kila kona. Alitaka kuuza sweta ambayo haijafumwa. Nilicheka mpaka nikavunja sindano ya cherehani. Lakini alikuwa amefikiria sana. Ndani ya kila pakiti, yaani mfuko wa kitambaa, alitia madonge matatu ya uzi, sindano mbili za mwanzi alizochonga mwenyewe na kuzipiga msasa hadi zikateleza, na karatasi ya maelezo, hatua kwa hatua. Ukiifuata karatasi, unapata sweta ya mtoto mchanga. Uzi hununua kwa Kaltum, mzaliwa wa Garissa, kisha huupima kwa mizani na kuukunja nyumbani.

Tuligombana juu ya bei.

"Mwalimu," nilimwambia, "andika mia saba. Watakushusha mpaka mia tano. Wewe utapata yako na wao watafurahi."

"Na kama mtu hajui kushusha?"

"Huyo ni baraka kutoka kwa Mungu."

"Huyo ni mtu nimemdanganya, Fundi."

Ni Msabato wa kweli, si wa Jumamosi tu. Akaandika kwenye kadibodi: MIA TANO, HAIPUNGUI. Mia tano yenyewe ilikuwa ni bei ya uzi, mwanzi, kitambaa na karatasi, na faida ya kununua chai. Kerosi alikuwa amempa muda hadi Desemba. Meza isipojilisha, itarudi kuwa meza ya ndizi.

Sasa, huku kwetu bei isiyopungua ni kama tusi. Mteja akisoma kadibodi alisema, "Haya, kama haipungui, si uongeze basi." Muuza nyanya huongeza nyanya, muuza omena huongeza konzi. Bathsheba aongeze nini, sindano ya tatu? Kusema hapana kulimshinda. Akawa anafungua pakiti ya pili, anavuta uzi pima mbili tatu, anampa mteja, na kujiambia atafidia. Mama Nchagwa, anayeleta mahindi kutoka upande wa Migori, alisimama pale na pakiti yake ya bluu hadi akaongezwa mara tatu. Mimi niliona kila kitu nikanyamaza, maana meza ilikuwa na watu, na watu wakimaliza kwake huniletea suruali za kupunguza.

Ndipo akaja Liz kutoka Magunga, katibu wa chama cha akina mama kumi na wanane. Alikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi saba, na hajawahi kushika sindano ya kufuma. Alisema atajaribu pakiti moja ya bluu. Ikimtoka vizuri, chama kizima kitanunua. Bathsheba alimfundisha saa nzima bila malipo, huku mimi nikinung'unika.

Baada ya wiki tano Liz alirudi, tumbo likimtangulia. Akatoa sweta kwenye mkoba. Mgongo mzuri. Kifua kizuri. Mkono mmoja.

"Uzi uliisha, Mwalimu," alisema. "Nilihesabu vishono mara tatu. Nikafumua yote nikaanza upya. Nikasema labda ni mimi mjinga."

Bathsheba alichukua mizani ya dukani kwa Kaltum akaanza kupima pakiti zilizobaki mezani, moja baada ya nyingine, na karibu zote zilikuwa zimepungua. Bandu bandu huisha gogo. Akaketi. Nimemwona akizika mama yake, lakini uso ule sikuwahi kuuona.

"Wewe si mjinga, mwanangu," alimwambia Liz. "Nilikuibia nikampa mwingine."

Kaltum alileta uzi mpya wa bluu, akauweka kando ya sweta, akatikisa kichwa. "Dada, huu umetiwa rangi siku nyingine. Mwenye macho ataona." Ule wa kwanza ulikuwa umekwisha dukani, na kama ulikuwepo popote, ulikuwa nyumbani kwa watu walioongezwa.

Bathsheba akaitundika sweta ile kwenye nguzo ya baraza, na chini yake kadibodi nyingine: NILIPUNJA WATU. PAKITI YAKO IKIWA ILIPUNGUA UZI, NJOO. IKIWA ILIZIDI, NJOO PIA.

Nikapandwa na hasira. "Unajitangaza mwizi siku ya soko? Mpe msichana pesa yake aende!"

"Hajaomba pesa. Anataka mkono wa pili."

"Mwache," Kaltum aliniambia. "Mficha uchi hazai." Akapiga picha, akaituma kwenye grupu ya WhatsApp ya wafanyabiashara, na mpaka saa sita kila mtu Rangwe alikuwa ameiona.

Wengine walikuja kucheka. Lakini walikuja pia wanawake wanne wenye sweta zisizokamilika, na wote walikuwa wamezificha kwa aibu, kila mmoja akidhani kosa ni lake. Bathsheba akawapa kila mmoja pakiti nzima, iliyojazwa na kupimwa mbele yao, hadi meza ikabaki mbao tupu. Kerosi alipita, akasoma kadibodi, akaitazama meza. Akaweka mkono begani kwa mkewe kidogo, kisha akarudi kwenye ndizi zake. Mabaki ya uzi mwekundu yaliletwa, na mweupe. Bluu hakuna.

Siku ya soko iliyofuata, Liz akiwa ameketi hapo barazani, akaja Mama Nchagwa. Mkononi alikuwa na kofia ndogo ya bluu.

"Nilimfumia mjukuu," alisema, bila kumwangalia mtu. "Nilijua uzi ni mwingi. Siku ile nilijua, nikanyamaza."

Akatafuta ncha ya uzi, akaikata kwa meno, akaanza kuvuta. Liz akakunja. Kofia ikapungua mstari kwa mstari hadi ikaisha. Nilijifanya natafuta kifungo sakafuni, maana macho yalikuwa yamenilowa.

Bathsheba alitaka kuuosha kwanza ule uzi ili unyooke. Liz alikataa kungoja. Alipoanza kukosea, Bathsheba alinyoosha mkono kumsaidia.

"Acha, Mama," Liz alisema. "Huu ni wangu."

Alimaliza jua likiwa bado juu. Mkono wa pili ulikuwa na mikunjo mikunjo, na ndio aliokuwa akiupapasa. Akaiweka sweta tumboni, akauliza pakiti kumi na nane ni pesa ngapi.

"Mia sita kila moja," Bathsheba alisema. "Uzi tutapima pamoja. Siongezi."

"Hiyo mia moja imepanda ni ya nini?"

"Ni ya kazi yangu. Sikuwa nimeitia kwenye bei hata siku moja, ndiyo maana sikuwa na cha kufidia, nikala uzi wa watu."

Liz akafikiri, akasema, "Sawa." Mia sita, bila kushusha! Mimi nimekaa soko hili miaka kumi na moja sijaona.

Walipoondoka nilikaa nikitazama chini ya cherehani yangu. Kila fundi ana gunia. Mteja akileta kitambaa cha mita tatu na gauni likala mbili na nusu, ile nusu huingia guniani, na hakuna anayeuliza. Kwa hizo ninawashonea watoto wangu kaptula.

Joyline wa hoteli alikuwa akipita na birika. Nilimshonea gauni la harusi ya dada yake mwezi wa Agosti.

"Joyline," nikamwita, nikifungua gunia. "Njoo kidogo. Kitambaa chako kilibaki."