Ukingo Uliotambaa

Nilipokuwa mtoto, shangazi yangu Kadzo ndiye aliyeniambia kwanza kwamba mto Sabaki una wenyewe. "Usiyakodolee maji macho," alisema. "Anayeyakodolea hutambaliwa na ardhi. Ukiona ardhi inatambaa, wenyewe wamekuchagua."

Wanawake wa kwetu walikwenda kuteka pamoja, na desturi yao ilikuwa kutonyamaza mtoni. Walitaniana na kuimba mpaka madumu yote yajae. Mimi nilikuwa na haya. Nilisimama kando, kimya, nikiangalia maji mekundu yakipita. Jioni moja nilifuata povu kwa macho, kisha povu jingine, hata nikasahau nilikuwa wapi.

Nilipoinua macho, ukingo wa ng'ambo ulikuwa ukitambaa kuelekea juu, maji yatokako. Matete, mawe, mbuzi waliolala, vyote vilikwenda, na havikufika popote.

"Sidi," nilimnong'oneza binamu yangu, "ukingo unakwenda."

"Unakwenda wapi, sokoni?" Wenzake wakacheka, naye akaongeza, "Bubu wetu leo kanena, na alilonena ndilo hilo."

Shangazi hakucheka. Alinishika mkono akanipandisha njiani.

"Kesho nisije," nilimwomba. "Watanichukua."

"Na ugali tutausongea mate? Utakuja. Ila utaongea. Mto haumchukui mtu aliye katikati ya maneno."

Siku hizi naishi Barani, maji ni ya mfereji. Juzi nilikuwa nikinyonyesha, nikitazama mvua ikiteremka kwenye kioo cha dirisha. Nilipogeuka, ukuta ulikuwa ukipanda. Hofu ile ile ilinirudia. Nikaanza kumwimbia mwanangu, macho yakiwa pale pale kwenye mvua lakini moyo ukiwa kwake. Nilipogeuka tena, ukuta ulikuwa umetulia, au karibu kutulia. Nadhani wale wanawake waliyaona maji yale yale niliyoyaona mimi, ila hawakuyapa moyo wao. Nadhani tu. Sijamkanusha shangazi.

Asubuhi iliyofuata jioni ile ya utotoni, nilikwenda mtoni na wenzangu. Kabla hatujafika majini nilifungua kinywa. Niliwasimulia habari za kuku wetu aliyetaga ndani ya kofia ya baba, na baba alivyoivaa bila kuangalia. Sidi alicheka hadi akaketi mchangani. Kisa kilipokwisha, dumu langu lilikuwa nusu. Nikakianza upya.