Majina Thelathini na Moja ya Waliochimba Matuta

Umande haujakauka kwenye kabichi za Kwai, na Esteria Shechambo ameshatoa shikamoo saba. Sasa yuko kwenye ua wa nyumba ya nane, keni ya maziwa mkononi, anapaza salamu ya Kisambaa kuelekea bandani.

"Onga maundo, Bibi Sesilia!"

"Niwedi," sauti inamjibu kutoka nyuma ya ng'ombe. "Umechelewa. Ng'ombe amenuna, si mimi."

Bibi Sesilia Abrahamu ana miaka 84 na bado anakamua mwenyewe. Anatoka na ndoo yake, anaitua, anasimama kando akiwa amejishika kiuno. Esteria anatumbukiza kipimo cha kioo, kile kinachofichua maziwa yaliyotiwa maji, anainama kukisoma.

"Yako salama, Bibi."

"Ungeyakuta na maji ungesema nini? Mvua imenyesha usiku kucha, labda imemwingia ng'ombe."

Wanacheka wote wawili. Esteria anafungua daftari lake na kuandika: Sesilia Abrahamu, lita nne. Mwaka juzi, mstari huohuo ulisomeka: Mama Tobia, lita nne. Kati ya mistari hiyo miwili yamepita mambo yaliyomliza Esteria mbele ya watu, kisha yakawasimamisha watu hao hao wakimshangilia.

Esteria, mwenye umri wa miaka 52, amekusanya maziwa Kwai kwa miaka kumi na tisa. Anapita nyumba ishirini na sita kila asubuhi, kisha anayapakia kwenye bodaboda hadi Lushoto mjini. Siku nzuri hupata lita tisini, na ujira wake ni shilingi hamsini kwa lita.

"Utajiri hapo haupo," anasema. "Lakini hakuna jiko la Kwai ambalo sijanywa chai."

Maziwa hayo ndiyo yaliyomfikisha kwenye Chama cha Kumbukumbu za Milimani. Chama hicho kilianzishwa na mwalimu mstaafu, Yusuph Mntangi, pamoja na wenzake wachache. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi huandaa mhadhara katika ukumbi wa usharika. Huendesha pia kozi ya wiki sita ya kuhoji na kurekodi wazee, na huchapa vijitabu.

"Zamani tulikuwa tunapata wasikilizaji kumi na wawili," anakiri Mwalimu Yusuph. "Na wawili kati yao walikuwa wanasubiri mvua ikatike."

Siku moja Esteria alipeleka maziwa ya chai ya wasikilizaji hao. Mzungumzaji alikuwa akieleza enzi ya matuta, miaka ya hamsini, wakoloni walipowalazimisha watu wa milimani kuchimba matuta kwenye miteremko ili kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Akasema wanawake walisaidia. Esteria akanyoosha mkono, keni ikiwa bado kwenye mkono wa pili.

"Samahani, ndugu mzungumzaji. Hawakusaidia. Walichimba. Waliokuwa wakisaidia ni hao wanaume, tena siku wanayotaka."

Ukumbi uliangua kicheko. Mwalimu Yusuph hakucheka, alimwandikisha kozi papo hapo.

Kwa miezi minane Esteria alirekodi simulizi, simu yake ikiwa imeegeshwa kwenye hori la ng'ombe. Alipata wanawake thelathini walio hai. Wa thelathini na moja alisimuliwa na mwanawe, mzee Juma wa kule chini Mnazi, ambaye mama yake alifariki yeye akiwa na miaka mitatu. Mwaka jana kijitabu kikatoka, nakala mia tatu. Esteria, aliyeishia darasa la saba, akaliona jina lake kwenye jalada.

Siku ya uzinduzi, Bibi Sesilia aliletwa na mjukuu wake akiwa amevaa kitenge cha Pasaka. Alikipokea kijitabu kwa mikono miwili, akakigeuza, kisha akamwita Esteria.

"Nionyeshe nilipo."

Esteria akamwekea kidole kwenye ukurasa wa tisa: Mama Tobia wa Kwai anasema…

Bibi akayasoma maneno hayo polepole.

"Tobia hakuchimba tuta hata moja," akasema, na ukumbi mzima ukasikia. "Tobia alikuwa hajazaliwa. Nilichimba mimi."

Kosa hilo lingeweza kufanywa tu na mtu aliyelelewa vizuri. Milimani huku, mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake, na kumuuliza mtu mzima jina lake usoni ni kama kumshusha awe mtoto. Esteria aliwaandika bibi zake kama alivyowaandika kwenye daftari la maziwa kwa miaka kumi na tisa. Hakuna msomaji wa rasimu aliyeshtuka, kwa kuwa wote wamelelewa hivyohivyo.

"Nililia pale pale," anasema Esteria. "Msimamizi wa mkoloni alikuwa akiita majina ya waume na ya baba zao tu, bibi wakaitikia kwa majina yasiyo yao. Sasa na mimi nimewafanyia lilelile, tena kwa mapenzi."

Wenzake walimtuliza. Mwalimu Yusuph akamwambia kosa moja haliachi mke.

"Mimi si mke wa kitabu, Mwalimu," akajibu Esteria. "Naomba kisiuzwe mpaka majina yapatikane yote."

Nakala zikarudi kwenye maboksi. Lilikuwa ombi zito, kwa kuwa bibi wawili walikuwa wamelazwa, na wanne walikuwa wamevuka miaka tisini. Kama wangeondoka kabla hajawafikia, wangebaki kitabuni mama wa fulani milele.

Bibi wa kwanza, wa njia ya Mlola, aliulizwa kwa unyoofu: "Bibi, jina lako hasa ni nani?" Akamtazama Esteria kutoka utosini hadi miguuni. "Umekuwa hakimu?" Siku hiyo chai haikuletwa.

Ikabidi arudi kwa Bibi Sesilia kuomba radhi. Alimkuta anachambua maharage, akakaa chini akachambua naye. Debe lilipokaribia kwisha ndipo bibi akafungua kinywa.

"Mama yangu alikuwa anapanda juu ya jiwe lile nikichelewa kurudi mtoni. Anaita, 'Sesiliaaa!' Bonde zima linajua nimechelewa." Akapepeta kidogo. "Tangu tumzike, hakuna aliyeniita hivyo."

Kupotea njia ndiko kujua njia. Esteria akatoka pale na swali lake: Bibi, ulipokuwa msichana ukachelewa mtoni, mama yako alikuitaje? Swali hilo halimshushi mtu hadhi. Bibi wa Mlola, yule wa hakimu, alipoulizwa hivyo alisimama, akaweka viganja mdomoni na kuliita jina lake mwenyewe mpaka kuku wakatawanyika. Alikuwa Marta. Waliolazwa waliulizwa kitandani, na wote wawili walijibu wakitabasamu.

Baada ya miezi mitano alikuwa na majina thelathini. Likabaki moja, la yule mama wa mzee Juma. Ukoo wake ulikuwa umeisha, na mzee mwenyewe alikua akisikia "marehemu Mama Juma" tu. Toleo jipya likachapwa, nakala mia tano, na kwenye ukurasa wa mwisho paliachwa nafasi tupu.

Jumamosi ya uzinduzi wa pili, ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama madirishani. Esteria alisoma majina, na kila bibi aliitikia "Nipo!" kwa sauti yake mwenyewe. Kwa waliobaki nyumbani, wajukuu waliitikia. Alipofika ukurasa wa mwisho, alisoma maneno ambayo mzee Juma aliyapata kwa baba yake: mke wangu alichimba akiimba, wenzake wakimnyamazisha ili msimamizi asisikie, naye anaongeza sauti.

Bibi Sesilia akasimama bila kushikwa mkono.

"Huyo tulichimba naye mstari mmoja," akasema. "Ilikuwa kabla hajaolewa na kupelekwa Mnazi. Mama Juma simjui mimi. Huyo ni Zakia!"

Mzee Juma, mwenye mvi kichwa kizima, alilirudia jina hilo kwa sauti ndogo, mara mbili. Kisha akanyanyuka, akafuta uso kwa kofia yake, akasema, "Nipo. Naitikia kwa niaba ya Zakia, mama yangu."

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Mwalimu Yusuph, mtu wa kanuni na ratiba, alilia hadharani na hakuona haya. Hakuna nakala iliyotoka mlangoni mpaka wanafunzi wa kozi walipoliandika jina la Zakia kwa kalamu katika zote mia tano. Ziliisha baada ya wiki tatu.

Leo kozi ina wanafunzi arobaini, na somo la kwanza anafundisha Esteria, akiwa na gumboti zake za bandani. Bado anakusanya maziwa. Mpango wake ni kufungua darasa Mlola kabla ya mvua za masika, kisha kusimamisha ubao wa majina yote thelathini na moja kwenye mteremko ambako matuta yanaonekana hadi sasa.

"Heshima nimefundishwa na nitaendelea nayo," anasema. "Ila sasa nauliza kwanza mtu anataka aheshimiwe kwa jina lipi."

Na yeye je, anataka jina lipi? Kwai yote humwita Mama Stephano, na mama yake mzazi alishafariki. Anacheka, anabeba keni na kuanza kuteremka kuelekea nyumba ya tisa.

Hajafika mbali. Juu, kwenye jiwe lililo ukingoni mwa ua, Bibi Sesilia amepanda, mkononi ana mfuniko wa keni uliosahaulika, kiganja mdomoni.

"Esteriaaa!"

Bonde zima linasikia. Esteria anasimama ghafla katikati ya njia, kisha anageuka na kuanza kupandisha mbio kama msichana aliyechelewa mtoni.

"Abee!" anaitika. "Abee, nakuja!"