Hatua Waliyomfutia Bisibisi

Kaka yangu alikuwa fundi wa mashine za hospitali. Tulimwita Bisibisi, maana hata kanisani bisibisi ilikuwa ikichungulia mfukoni mwake. Mungu amrehemu. Alipenda utani. Mashine ya kupimia presha ikigoma, aliiambia, "Mama mkubwa, nawe umeanza kuchagua wagonjwa?" kisha akaifungua.

Mashine zote ziliandikishwa kwenye mfumo wa kompyuta, kila moja na hatua zake za maisha: kupokelewa, kutumika, kutengenezwa, kuondolewa. Mwaka jana uongozi ulitaka hatua hizo zipangwe upya, na kazi akapewa mkuu wa kitengo cha mali. Huyo alikuwa rafiki wa kaka tangu shuleni, wakiimba besi pamoja kwenye kwaya. Kwetu alikula bila kukaribishwa. Nami nilimwita kaka.

"Bisi," alimwambia mezani petu, "nitajie mashine zote ulizofufua baada ya miaka yake kwisha. Nikiwa nazo, hakuna atakayeigusa hatua ya kutengenezwa."

"Hata ile ya oksijeni niliyoifunga pampu ya mwenzake?"

"Hiyo ndiyo ya kwanza!"

Kaka alicheka. "Basi kula taratibu, mheshimiwa. Usije ukapaliwa kabla hujanitetea."

Akamtajia zote, kwa moyo mweupe.

Kikaoni, rafiki yake alizitaja moja moja, akisema hivyo ndivyo karakana inavyohatarisha wagonjwa. Hatua ya kutengenezwa ikafutwa. Sasa mashine ikitimiza miaka yake, mfumo unaiondoa wenyewe. Na kama hakuna kutengeneza, karakana ya nini?

Kaka hakuambiwa. Asubuhi moja alimaliza kutengeneza mashine, akaisomesha lebo yake kwenye kompyuta ili airudishe wodini, skrini ikaandika: imeondolewa. Nayo ilikuwa inanguruma vizuri mbele yake. Akampigia simu rafiki yake.

"Bisi, usiliweke moyoni. Huo ni mfumo tu."

"Mfumo haupajui kwangu," kaka alijibu. "Wewe unapajua."

Karakana ikafungwa, naye akahamishiwa stoo kugawa shuka. Hakugombana na mtu. Kwaya tu ndiyo aliyoiacha, na ile bisibisi sikuiona tena mfukoni. Haukupita mwaka, moyo wake ukasimama. Sisemi ndicho kilichomuua. Uhai ni wa Mungu.

Msibani yule rafiki alinifuata, macho mekundu, karatasi mkononi.

"Dada, niruhusu niseme machache. Alikuwa ndugu yangu."

"Utamsema yupi? Fundi, au yule aliyehatarisha wagonjwa?"

Akaitazama karatasi yake.

"Nenda ukakae na wenzako, kaka," nikamwambia. Mdomo ulikuwa bado na mazoea.

Akaikunja karatasi, akaenda kukaa nyuma kabisa. Mchungaji ameniambia nisamehe, nami najua ndivyo tulivyoagizwa. Kila asubuhi napiga magoti, nawaombea wote kwa majina. Nikifika kwenye jina la yule rafiki, nanyamaza. Bado sijaweza.