Kiti cha Mama Mkwe

"Sasa, bwana Kibwana, mkweo atakushika wapi?"

Swali hilo aliliuliza jirani yake, Chengo, mwezi uliopita, siku baiskeli ya injini iliponguruma kwa mara ya kwanza hapa Bodo. Watu walivunjika mbavu. Kibwana Alfani, fundi wa baiskeli, hakucheka. Alizima injini, akakitazama kiti alichokuwa amekijaza sufi nyuma ya tandiko lake.

Asubuhi hii amechuchumaa uani kwake, mikono imejaa grisi, anafunga mkokoteni mdogo nyuma ya baiskeli ile ile.

"Nilikuwa nikifikiria mguu wake tu," anasema. "Nikasahau kuwa ni mkwe."

Kwa desturi ya huku, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, seuze kugusana. Hata neno la mmoja humfikia mwenziwe kwa kinywa cha mtu mwingine.

Naye Bi Biasha, mama wa mkewe, ana kidonda mguuni kisichopona. Huko hospitali Msambweni ameambiwa kisiposafishwa kila wiki, mguu utakatwa. Kutembea hawezi tena, na basi halifiki Bodo.

Ndipo Kibwana alipoanza kuunda chombo chake. Injini ilitoka katika pampu ya maji iliyokufa, shambani Kikoneni. Alipewa iwe ndiyo ujira wake kwa kazi aliyofanya huko. Tangi ni kopo la mafuta ya kupikia. Mkanda aliukata katika mpira wa ndani wa lori, na gurudumu la kuuzungusha ni la cherehani ya mkewe, Mishi.

"Aliliazima kwangu kwa siku mbili," anasema Mishi. "Sasa nashona kwa mkono, naye kila akipita, 'Subira, mke wangu.' Subira gani, na kanzu za watu zimelala?"

Anacheka. Kisha anampelekea mumewe chai pale pale alipo, na kumpangusa jasho kwa ncha ya kanga.

Siku ile ya kicheko, Bi Biasha aliyasikia yote akiwa ndani. Alimtuma binti yake: "Mwambie mumeo Mungu amlipe kheri. Lakini mguu na ukatwe, haya yangu nibaki nayo."

Chengo hakulala vizuri. "Mimi nilikuwa natania tu," anasema, "kumbe nimemfungia njia mama wa watu." Fito za mikoko zilizounda mkokoteni huu amezikata yeye.

Kiti cha mkokoteni kinaangalia nyuma. Aliyekaa atampa mgongo mwendeshaji, na mwendeshaji vivyo hivyo.

"Mama akipona, inshallah, nitawachukua na wazazi wanaoshikwa na uchungu wa kuzaa," anasema Kibwana. "Lakini kwanza akubali."

Anasimama, anapaza sauti. "Mishi! Mwambie mama kiti kiko tayari. Hataniona, nami sitamwona."

Bi Biasha yuko ukumbini na tasbihi yake, amesikia kila neno. Hata hivyo anangoja binti yake amwambie.

"Muulize," anasema, "nikianguka njiani, ataniinua nani?"

"Mimi, mama," anajibu Mishi. "Nitakaa nawe."

Uani, Kibwana anageukia ukuta. Bi Biasha anaibusu tasbihi, anaiweka, anajitanda kanga mpaka usoni. Anashika bakora yake, anatoka nje bila ya neno jingine, na kukielekea kiti.