Perege Aliyepewa Maji ya Mtungini

Nimelikuta katika jiko la Bibi, limejaa mkaa. Lile tangi la kioo, ndugu yangu, ambalo Baba alilitengeneza kwa vipande vya dirisha nilipokuwa darasa la tano. Nilikuwa nimerudi nyumbani Mandewa na begi moja na andiko langu la uzamili, ambalo jopo la chuo lilinirudishia likiwa na mistari myekundu na ushauri kwamba nitafute mada nyingine yenye manufaa. Niliumwaga mkaa chini, nikafuta vumbi kwa upindo wa kitenge, na katika kona ya chini nikaona alama nyeupe ya chumvi, nyembamba kama uzi. Hiyo sikuifuta.

Baba alikuwa fundi wa vioo. Mabaki ya kazi za watu aliyaegemeza ukutani nyuma ya nyumba, na mwaka ule, kwa sababu ambayo hakuwahi kuieleza, aliyaunganisha kwa gundi yenye harufu kali kama siki. Harufu hiyo ilikaa sebuleni siku tatu na kuushinda hata mlenda uliokuwa ukichemka. Siku ya nne alirudi kutoka Ziwa Singidani akiwa na ndoo ya bati yenye perege watano, ambao hakuna aliyezidi urefu wa kidole changu cha kati.

Kwetu mgeni hapewi maji ya ndoo. Hupewa ya mtungini. Mtungi wa Bibi ulikaa juu ya mchanga wenye unyevu, mahali ambapo jua halikufika, na maji yake aliyafuata mwenyewe kisimani, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine kuchagua ndoo safi. Yalikuwa matamu, yenye baridi na harufu ya udongo uliochomwa.

“Wametoka mbali hawa,” alisema. “Hatuwezi kuwapa maji ya kufulia.”

Akalijaza tangi kwa kata, moja baada ya nyingine, hadi mtungi ukabaki na sauti ya utupu.

Asubuhi ya tatu wawili walikuwa wakielea ubavu. Tuliwafanyia waliosalia kila jema tulilolijua: tulilisugua tangi kwa majivu, tukamwaga maji ya jana, tukaleta mengine ya mtungini. Kadiri tulivyowakarimu ndivyo walivyozidi kufa. Kufikia Jumatano alibaki mmoja, mkia umechanika, mapezi yamefunikwa na utando mweupe mfano wa pamba, amelala ubavu huku akifumbua na kufumba mdomo kama mtu anayetafuta neno.

Jirani yetu alikuwa na desturi ya kuchungulia juu ya ua wa minyaa kila asubuhi.

“Mgonjwa kaamkaje?” aliuliza.

“Yupo,” alijibu Bibi.

“Mpelekeni hospitali ya Kiomboi akalazwe! Ila mbebe na nyanya na kitunguu, huenda daktari akakata tamaa.”

Alicheka hadi kanga ikamdondoka begani. Mama naye alicheka, kisha akaniona na kuacha. Baba hakucheka. Alilitazama tangi kwa jicho la fundi, akasema, “Jumamosi jioni nabandua hivi vioo. Kuna watu wananisubiri kwa dirisha lao. Akiwa hai, nitatafuta vingine. Akiwa amekufa, ndiyo basi.”

Nilikuwa mtoto wa kufikiri kupita kiasi, na sijabadilika. Nilichukua daftari la hesabu nikaandika mara ngapi mashavu ya yule samaki yalifunguka kwa dakika, nikitumia saa ya Baba. Nilishuku kila kitu: redio, kivuli cha pazia, pumzi yangu mwenyewe. Niliacha kusimama karibu. Niliporudi kusimama karibu, niliandika hilo pia.

Alhamisi, nilipotumwa kuchukua ndoo ya bati ili nichotee ng’ombe maji, niliikuta imepinduliwa juu ya nguzo ya ua. Hakuna aliyeiosha tangu ilipoleta samaki. Ndani yake mlikuwa na mduara mweupe, sawa na ule unaouona kandokando ya ziwa wakati wa kiangazi. Niliulamba. Ulikuwa chumvi yenye ukakasi wa magadi, nikatema mate mara tatu. Kisha nikachovya kidole katika tangi na kukilamba. Matamu.

Ugumu haukuwa kulijua hilo. Ugumu ulikuwa kumwambia Bibi, kwa maana kumwaga maji ya mtungini mbele ya aliyeyabeba kichwani ni tusi, na kuweka badala yake maji ya ziwa, ambayo hata mbuzi huyanusa na kugeuka ni tusi juu ya tusi. Nilipiga magoti zaidi ya ilivyohitajika.

“Shikamoo, Bibi.”

“Ulishaniamkia leo. Umevunja nini?”

Nilimweleza. Aliendelea kupepeta uwele, makapi yakiruka upande wa upepo. Nilidhani nimemuudhi milele.

“Mimi mwenyewe,” alisema hatimaye, “nilipokwenda kwa shangazi yako walinipa chai ya rangi asubuhi na jioni, kwa heshima zote. Tumbo likanisokota wiki nzima. Kalete dumu. Twende tukamchukulie maji yake.”

Tulikwenda kwa miguu, yeye na dumu la lita kumi kichwani, mimi na la lita tano. Maji ya tangi sikuyamwaga yote mara moja. Niliogopa kumwua kwa haraka ileile tuliyowaulia wenzake kwa upole. Nilitoa kopo moja la maji matamu na kutia kopo moja la ziwa, asubuhi, mchana na jioni, nikiandika.

Jumamosi Baba aliingia na kisu cha kubandulia gundi. Perege alikuwa chini kabisa, hatikisiki.

“Amekufa huyo.”

“Hajafa. Amesimama.”

Nilikuwa nimetandaza mikono mbele ya kioo. Sikuwahi kumzuia Baba jambo lolote kabla ya hapo. Alichuchumaa, akagonga kioo kwa ukucha. Samaki akachomoka hadi kona ya pili, tumbo chini, mgongo juu, kama anavyotakiwa kuwa. Baba alikirudisha kisu mfukoni.

“Basi watangoja dirisha lao,” alisema.

Perege aliishi hadi nilipokwenda sekondari, na pengo mkiani.

Bibi hayupo tena. Mtungi ulipasuka, na mahali pake pamewekwa jokofu. Siku hizi madirisha huja yameshaundwa, na Baba hukata kioo akiombwa tu. Ile harufu ya maji katika udongo uliochomwa sijaikuta kwingine, na nimeitafuta.

Andiko langu linahusu viumbe wanaoishi katika maziwa yetu ya magadi. Mjumbe mmoja wa jopo aliniuliza, bila ubaya, ni nani anayekunywa maji hayo. Jibu lipo katika ukurasa wa kwanza sasa, na mada ni ileile.

Jana nimezikaza upya kona za tangi kwa gundi. Leo nimetia maji ya ziwa kwanza. Samaki atakuja baada ya wiki kadhaa, maji yakishatulia. Minyaa ya uani imebaki mashina mawili, na jirani sasa hana haja ya kuchungulia. Anaona kila kitu akiwa amekaa kwenye kigoda chake.

“Shikamoo, mama,” nilimwamkia.

“Marahaba. We binti, na kusoma kote huko, hujakoma tu?”

“Sijakoma,” nilimjibu, nikaongeza kopo jingine.