Kuinama Mlangoni mwa Dojo

Karate nilianzia Tanga, nikiwa sekondari, na neno dojo nililimeza kama lilivyo. Kwetu lilikuwa jina la ukumbi wa mazoezi, basi. Ukifika mlangoni unainama, ukitoka unainama. Nani aulize?

Nilipokuja Guangzhou kwa ufadhili wa masomo nikapata dojo barabara ya Huanshi Zhonglu, ghorofa ya juu ya maduka ya mikoba. Mwalimu ni mzee wa Kichina, si mtu wa kucheka ovyo. Alikuwa ameshaniandikisha kwa mtihani wa mkanda mweusi, na mkanda ule niliutaka kuliko hata shahada iliyonileta huku.

Siku moja nilimwomba mwenzangu wa maabara, msichana wa hapa hapa, anisomee maandishi ya juu ya mlango. Akasema herufi ya kwanza ni njia, ya pili ni mahali. Wajapani walilichukua neno hilo kwa Wachina, na watawa wa Kichina walikuwa wamelitumia kutafsiri neno lililotoka India: mahali alipoketi Buddha mpaka akapata mwanga. Mahekaluni bado wanalitumia kwa mambo ya ibada.

Nilichemka. Miaka yote hiyo mimi, mtoto wa Kiislamu, nainamia nini? Kesho yake nikamwambia mwalimu siinami tena. Hakunibembeleza. Asiyeinama haingii, akasema. Nikamjibu basi siingii, na mtihani wake akae nao. Nilitoka roho inaniuma kwelikweli.

Akanifuata koridoni. Akasema mahali pa njia ni pale mtu anapojifunza, kuta ni za mwenye nyumba. Nikitaka nifanye mazoezi hapo nje, naye ataacha mlango wazi. Nikafanya, katikati ya maboksi ya mikoba yanayosubiri kontena, wafanyabiashara wa kwetu wakipita na kunitania, "Dada, umefukuzwa darasani?"

Siku ya mtihani watahini wote walitoka, wakasimama koridoni kwa ajili yangu. Hakuna aliyenitaka niiname. Nikafeli. Kisigino cha mguu wa nyuma kiliinuka kila nilipopiga ngumi, kosa la mtu aliyeanza jana. Nililia mbele yao bila aibu. Wangenizuia mlangoni, ningekuwa na wa kumlaumu.