Mwamba wa Bibi Harusi

Habari kwamba binti yake alijiua, Stumai aliipata kwa mteja wa chai. Alikuwa kwenye kibanda chake pale njia za maporomoko zinapoanzia, amepanga viazi vitamu vya kuchemsha kwenye sinia, akilingoja kundi lililokuwa likishuka kutoka juu. Mama mmoja wa mjini, raba zake mpya zimekwisha kwa tope, alipokea kikombe, akapuliza, akamgeukia mwenzake. "Mimi huyo binti ndiye aliyenimaliza. Kujirusha na shela lake kabisa, kwa ajili ya mwanamume." Stumai akauliza ni binti gani huyo, kwa udadisi tu wa mfanyabiashara.

"Si yule Esta," mama akajibu. "Kwani hao vijana wenu hawajawahi kukusimulia?"

Katika kijiji hiki Esta aliyekufa majini ni mmoja tu, na Stumai ndiye aliyemzaa. Mpaka leo hakuna anayemwita Stumai kwa jina lake. Ni Mama Esta dukani, Mama Esta kanisani, Mama Esta kwenye vikao vya misiba. Alimpa yule mteja chenji yake bila kukosea, akaosha vikombe, akafunga kibanda jua likiwa bado juu. Watu walidhani anaumwa.

Kifo cha Esta hakina hadithi ndefu. Ulikuwa mwaka wa mvua za elinino, na Jumapili ya Pasaka Esta alikuwa apate kipaimara. Gauni jeupe aliazimwa na jirani yao Magreth, ambaye binti yake alikwisha kulivaa mwaka uliotangulia. Gauni lilikuwa na alama ya masizi kwenye pindo, na Esta, ambaye nyumbani alikuwa tayari kushinda na vumbi mpaka kwenye kope, alisema hawezi kusimama mbele ya mchungaji namna ile. Akaenda kulifua na wenzake pale wanawake wote walipokuwa wakifulia, juu ya mwamba mpana ambao mto Msanyi unapita juu yake kabla ya kuanguka bondeni. Gauni likamponyoka, likaenda na maji. Akaruka hatua kulifuata, mguu ukateleza. Wenzake walikuwa hapohapo, sabuni mkononi. Waliona kila kitu.

Gauni lilinasa kwenye ukingo wa mwamba, zima, safi. Esta walimtoa kesho yake kwenye bwawa la chini ya maporomoko. Stumai alipolikausha gauni na kulirudisha, Magreth alikataa kulipokea, akasema mtoto avishwe. Basi Esta akazikwa nalo, kengele ya kanisa ikilia, kwaya ikiimba, mchungaji akishindwa kumaliza sala kwa kilio. Hayo ndiyo yote. Mama aliyepata hayo hupata pa kushikilia: mwanangu alikufa vibaya lakini alizikwa vizuri.

Miaka ikapita, bonde likafanywa hifadhi. Mbuzi wakakatazwa, kuni zikakatazwa, na sabuni mtoni ikawa kosa. Wakaja watu wa mradi wakachonga njia tatu ndani ya miti: ya chini kwa wazee na watoto, ya kati kwa watu wa kawaida, na ya juu, yenye kamba za kushikia, kwa wale wanaolipa ili wachoke. Mishale ya rangi ya njano ikapakwa kwenye mikuyu. Vijana wa kijiji wakapewa reflekta na filimbi wakaitwa waongozaji, na wa kwanza wao alikuwa Nathan.

Nathan ni mtoto wa shemeji yake Stumai. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, na Stumai akamchukua. Siku ya kumzika Esta, Nathan alikuwa amelala mgongoni kwa Stumai. Kwa hiyo kila anachokijua juu ya kifo kile alikipata kwenye kinywa cha Stumai mwenyewe, jikoni, wakichambua maharage. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Jioni ya siku ile aliyofunga kibanda mapema, Stumai alimwita.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Kaa hapo." Akamwuliza kwa Kinyiramba, maana mambo mazito hakuwahi kuyasema kwa lugha nyingine. Nathan akatazama chini. Hakukana, hilo lazima lisemwe.

"Mwanzo nilikuwa nasema vilevile ulivyonisimulia," alisema. "Kwamba kuna binti alikuja kufua, akateleza. Wananiangalia tu. Mmoja akaniuliza kama juu kuna choo. Mama mkubwa, mtu amepanda kilima, amevuja jasho, hataki kuambiwa mtu aliteleza. Kuteleza wanateleza wenyewe njia nzima."

"Ndiyo ukamuua mara ya pili."

"Niliongeza kidogo. Siku moja nikataja gauni jeupe, mwanamke mmoja akasema, alikuwa bibi harusi? Nikaona macho yake. Nikasema ndiyo."

"Na mwanamume?"

"Wakauliza aliachwa na nani. Nikasema kijana wa reli, wa Itigi. Kule ni mbali, hakuna atakayekwenda kumtafuta."

"Esta hakuwahi hata kuiona treni," Stumai alisema.

Nathan aliomba radhi, na radhi yake ilikuwa ya kweli. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hata chai ya mama mkubwa inanunuliwa kwa sababu ya hadithi ile, kwamba zamani watu waliishia njia ya chini wakageuza, na sasa wanapanda mpaka juu kwa ajili ya binti. Viazi vya Stumai vilikuwa vinaisha kabla ya saa saba, na yeye alidhani ni kwa sababu ya utamu wake. Nathan akaahidi kuiacha. Akaiacha kweli, majuma mawili hivi. Mvua zilipokolea na maporomoko yakaanza kusikika mpaka barabarani, wageni wakaja kwa mabasi, na mradi ukasimamisha kibao kikubwa cha bati pale kwenye mwamba wa kufulia. Kiliandikwa MWAMBA WA BIBI HARUSI. Nathan alisema si yeye. Pengine si yeye kweli. Uongo ulikwisha kupata miguu yake, haukumhitaji tena.

Stumai angeweza kuishi na wageni. Mgeni anakuja na uongo, anaondoka nao. Lakini Jumapili moja, watu wakitoka ibadani, mzee wa kanisa Gaspari alimwita pembeni, nyuma ya ofisi ya mchungaji. Gaspari ni mmoja wa walioibeba ile maiti.

"Mama Esta, usinielewe vibaya. Siku ile mlitueleza yote?"

Stumai alimtazama kana kwamba haelewi Kiswahili.

"Kuna maneno," Gaspari aliendelea. "Unajua Filipo alimzika mwanawe Amosi mwaka juzi bila kengele wala kwaya, kwa sababu alijitia kamba shingoni. Sasa anauliza kwa nini mmoja alipigiwa kengele na mwingine hakupigiwa. Vijana nao wanauliza. Mimi jeneza nililibeba, mama. Lakini pale juu sikuwapo."

"Waliokuwapo waliwaambia."

"Walikuwa watoto," Gaspari alisema, na akasema kwa upole, jambo lililolifanya neno lenyewe liwe baya zaidi.

Stumai alirudi nyumbani akiwa amekasirika. Kengele ile ndiyo iliyokuwa mali yake ya mwisho, na sasa walikuwa wanataka kumnyang'anya. Akaamua. Kama uongo unasemewa juu ya mwamba, na ukweli utasemewa hukohuko.

Jumamosi iliyofuata alimwachia jirani kibanda, akajifunga kanga, akaingia njia ya juu nyuma ya kundi la Nathan. Magoti yake hayakuwa ya kazi ile. Wageni walikuwa na fimbo za kupandia na chupa za maji begani. Yeye alikuwa na kandambili. Kwenye kamba alivutwa na msichana mmoja wa chuo aliyekuwa akimwita bibi. Nathan alimwona, akaendelea kutaja majina ya miti.

Juu, maji yalikuwa yakipita kwenye mwamba uleule, membamba na ya haraka. Watu walikaa. Nathan alimtazama Stumai mara moja, kisha akaangalia watu wake, ambao walikwisha kutoa simu, na akaanza. Labda aliona aibu. Lakini alianza. Alipofika kwa kijana wa reli, Stumai akasimama.

"Huyo ni mwanangu," alisema. "Hakuwa na mchumba. Alikuja kufua gauni la kipaimara, tena la kuazima. Likachukuliwa na maji, akalifuata, akateleza. Aliteleza hapa. Alikuwa anaipenda Pasaka na alikuwa anaogopa giza. Hakujiua. Naomba msiende kusema alijiua."

Simu zilishuka. Msichana wa chuo alikuwa analia waziwazi, na Stumai akaona wamemwamini. Akamgeukia Nathan amalizie, aseme ni kweli.

Nathan alikuja akamshika bega. Alimpenda, hilo halina ubishi.

"Huyu ndiye mama yake mzazi," aliwaambia watu. "Mnaona wenyewe. Mpaka leo moyo wake haujakubali."

Wakaanza kumjia mmoja mmoja. Pole mama. Usijilaumu mama. Mwenye miwani alimkumbatia akamnong'oneza kwamba hata kwao yupo shangazi aliyejiua. Stumai akarudia kwamba aliteleza, na kila aliporudia walitikisa vichwa taratibu, kama mtu anavyomkubalia mgonjwa wa homa. Mmoja aliomba wapige picha.

Habari zilishuka mlimani kabla yake. Kijijini ilisemwa kwamba Mama Esta sasa anapanda mwenyewe juu kusimulia.

Siku chache baadaye, Filipo alikuja nyumbani kwake. Tangu amzike Amosi, Filipo alikuwa hamtembelei mtu. Hata kisimani alipita kwa nyuma. Stumai alipomwona getini alijiandaa kwa ugomvi wa kengele, na alikuwa na maneno ya kutosha. Filipo hakuitaja kengele. Alikaa kwenye kigoda, akazungusha kofia mkononi.

"Mama Esta," alisema hatimaye, "nimekuja kukupa pole. Kwa kweli sikuwahi kukupa. Nilikuwa na wivu, nikidhani wewe msiba wako ni mwingine na wangu mwingine."

"Baba Amosi—"

"Mimi pia nilikataa. Mwaka mzima. Nilikuwa namwambia kila mtu kwamba alikuwa anafunga ndama, kamba ikamnasa. Nilisema mpaka nikawa naiona." Akafuta uso kwa kofia. "Najua unavyolala. Kijiji kizima hakuna mwingine anayejua, ila sisi wawili."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Stumai maneno ya huruma kama yale tangu Esta afe, na hayakuwa yake; yalikuwa ya mama wa mtoto aliyejiua. Alifungua kinywa aseme kwamba aliteleza. Akaona kwamba Filipo alikuwa analingoja neno hilohilo, ameliandalia uso wa kulipokea, kwa sababu yeye mwenyewe alikwisha kulisema mwaka mzima. Akakifunga kinywa.

Filipo akauchukua ule ukimya kama jibu. Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru.